Mdhamini Kutoka Matombo

Kosa lilianza kwangu, maana mimi ndiye niliyemsomea mjomba ile meseji neno kwa neno. Ningemwambia tu kwamba nimeitwa kwenye usaili, yasingetokea yote haya. Lakini nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hachuji maneno. Kwa miaka mitatu nilikuwa natuma barua za maombi huku na kule, najibiwa kwa kimya, na sasa kampuni yenye maduka makubwa karibu kila mkoa, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Morogoro mjini, ilitaka nifike Jumatano saa tatu asubuhi. Nafasi yenyewe ilikuwa ya kununua matunda na mboga kwa ajili ya maduka yao. Mimi nimesomea kilimo, na nimekulia kwenye migomba. Nilijua kwamba nikiikosa hii, sitapata nyingine inayonifaa hivyo, na karibu na nyumbani hivyo.

"Uje na vyeti halisi, kitambulisho cha taifa na wadhamini wawili," nilimsomea kwenye simu.

"Wawili," mjomba akarudia. Alikuwa Matombo, amesimama kwenye jiwe la nyuma ya nyumba, mahali pekee panaposhika mtandao. "Basi, mmoja nipo."

Nilicheka. Mjomba wangu anapenda utani, na mara nyingi huwezi kujua umeanzia wapi. Nikadhani yameishia hapo.

Jumanne mchana akabisha hodi kwenye chumba nilichopanga Kihonda. Alikuwa amevaa koti lake la Krismasi, raba zimejaa udongo mwekundu wa mlimani, na mkononi ana bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji inayomtambulisha kuwa ni mkazi halali na mtu wa kuaminika. Picha yake ndogo ilibandikwa pembeni, na muhuri umegongwa juu ya picha, ukafunika jicho moja.

Ndipo nilipoelewa. Mjomba aliwahi kumdhamini mtoto wa jirani mahakamani. Huko mdhamini anafika kwa miguu yake, na barua ya mtendaji, anasimama mbele ya watu na kuulizwa kama anamjua huyu. Kwake neno hilo halikuwa na maana nyingine.

"Mjomba," nikamwambia, "hawa wanataka majina tu. Naandika jina la mwalimu wangu wa chuo na la yule bosi niliyefanya kwake mafunzo, na namba zao za simu. Wakitaka, watawapigia."

"Jina halina miguu," akasema. "Mtu akikudhamini anakuja."

"Lakini si kazi zote—"

"Mama, mimi nimeshafika."

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Mama yangu mzazi alipofariki nikiwa darasa la tatu, mjomba alikuja kunichukua kesho yake baada ya mazishi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo hakuna aliyeuliza naenda wapi. Alinibebea begi la shule, nami nikabeba kuku. Ndiye aliyenipeleka shule, ndiye aliyekuwa anakuja siku za wazazi na kukaa mstari wa mbele, na ndiye aliyenifundisha kuchagua ndizi za kushusha mnadani. Nayasema haya mapema ili nitakachokisimulia mbele kionekane kwa ukubwa wake.

Asubuhi nilimwomba anisubiri chumbani. Akasema atanisindikiza hadi getini tu. Getini mlinzi akamfungulia daftari la wageni, na mjomba, ambaye hawezi kuona daftari likaachwa wazi, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka. Penye jina aliandika jina. Penye sababu ya ujio akaandika: UDHAMINI. Mlinzi akasoma, akamtazama, akampa kibandiko cha mgeni. Tukaingia wote.

Mapokezi palikuwa na watu tisa walioitwa kama mimi. Msichana mmoja alikuwa amevua viatu vyake vipya chini ya kiti kwa siri. Kijana mmoja mwenye tai alikuwa anarudia majibu ya Kiingereza kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. Hakuna aliyemsemesha mwenzake, maana kila mmoja alikuwa anamhesabu mwingine kuwa ndiye atakayemnyang'anya tonge.

Mjomba akaanza kuwapa mkono mmoja mmoja, kama anavyofanya akiingia penye watu popote. "Hamjambo, wanangu." Wakaanza kusimama. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Umetoka wapi, mwanangu?" Huyu katoka Dakawa, wazazi wake wanalima mpunga. Yule katoka Kilosa. Msichana wa viatu akasimama peku kumwamkia. Alipofika mwisho wa mstari watu walikuwa wanaongea, na yule wa tai alikuwa anacheka. Leo nikikumbuka naona alifanya jambo zuri. Siku ile nilitamani sakafu inimeze.

Dada wa mapokezi akaniita kwa kidole. "Samahani, huyu mzee mko pamoja?"

Nilitazama zile raba. Tope lilikuwa limeacha alama kwenye vigae vyeupe, kuanzia mlangoni hadi kwenye viti.

"Hapana," nikasema kwa sauti ya chini. "Ni jirani tu. Tumeongozana njiani."

Mjomba alikuwa viti viwili kutoka pale. Hakuinua uso. Aliikunja vizuri ile bahasha, akainyoosha juu ya goti, halafu akahamia kiti cha mbali zaidi, kama ambavyo jirani angekaa. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa nimekataa kwetu kwa ajili ya vigae.

Niliitwa wa nne. Ndani walikuwa watatu: mama mmoja wa makamo mwenye miwani, ambaye ndiye mkuu wa mambo ya wafanyakazi; mzee mwenye upara aliyesimamia ghala la mazao; na kijana wa kompyuta aliyekuwa anaandika kila ninachosema. Waliniuliza yale ya kawaida, nikajibu ya kawaida. Kisha mzee wa ghala akaegemea meza.

"Msambazaji anatuletea ndizi," akasema. "Za njano, nzuri kwa macho. Wateja wanazirudisha, hazina ladha. Zilikatwa changa zikaivishwa kwa nguvu. Wewe ungejuaje pale pale zinaposhushwa?"

"Ningezishika," nikasema. "Ndizi iliyokomaa mwili wake umejaa, ukipitisha kidole huzisikii kona. Iliyokatwa changa ina kona kali hata kama imeshakuwa ya njano. Na zikija mbichi ningeangalia kile kiua kikavu cha kwenye ncha. Kwenye ndizi iliyokomaa ukikigusa tu kinadondoka. Kwenye changa unakivuta."

Mzee wa ghala akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hiyo wamekufundisha chuo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Chuo kisingekuja kunikana. Lakini mikono yangu ilikuwa hewani bado, vidole vimejikunja kama vimeshika chane, na nilivyoviangalia niliona ni vidole vya mjomba.

"Hapana. Amenifundisha mjomba wangu."

"Yuko wapi huyo mjomba?" akauliza, bila shaka kwa ajili ya mazungumzo tu.

"Yuko hapo mapokezi," nikasema. "Mliandika tuje na wadhamini, akadhani ni kama mahakamani, akashuka kutoka Matombo na barua ya mtendaji. Na mimi nimemwambia dada wa mapokezi kwamba ni jirani yangu, kwa sababu niliona aibu."

Kijana wa kompyuta akaacha kuandika. Mama wa miwani akafunga faili langu, akasema asante, tutakupigia. Nikajua kazi nimeikosa. Ajabu ni kwamba wakati ule hilo halikuniuma sana.

Nilipotoka, yule mama alitoka nyuma yangu. Alipita mbele ya viti vyote hadi kwa mjomba, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee. Nikusaidie nini?"

Mjomba akasimama. Kwanza alinitazama mimi. Nikainamia vigae. Basi akamgeukia yule mama.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumdhamini huyu binti," akasema. "Mimi ni jirani yake."

Alisema hivyo bila kununa. Nilikuwa nimesema uongo, naye akaamua kunibebea, kama alivyonibebea lile begi la shule. Sijawahi kuona aibu kama ile, na haikuwa na uhusiano wowote na raba.

"Unamfahamu vizuri?" mama akauliza, macho yake yakinigusa mara moja tu.

"Tangu siku aliyozaliwa. Mdomo wake mkali kidogo, mtazoea. Lakini mkono wake msafi. Akichukua cha mtu, mnifuate mimi Matombo. Akiugua, mniite mimi."

Yule mama akaipokea bahasha kwa mikono miwili. "Asante, mzee," akasema. "Majirani kama wewe ni wachache."

Nilimpeleka mjomba stendi. Njiani nilikuwa na maneno ya kumwambia, nikanunua maji. Nikanunua na mkate. Nikamtafutia kiti cha dirishani. Alizungumza juu ya yule kijana wa Dakawa, kwamba anafanana na watu fulani wa ukoo wetu, na kwamba msichana wa viatu amuombe fundi avitanue. Gari lilipoondoka alinipungia mkono vizuri tu, na mimi nilibaki pale na mdomo wangu mkali ambao siku hiyo nzima haukufanya kazi.

Hawakupiga wiki ya kwanza. Walipiga ya pili, na wiki iliyofuata nikaitwa kusaini mkataba. Kwenye faili langu nilikuta wadhamini wawili: jina la mwalimu wangu wa chuo na, mahali pa lile la bosi, ile barua ya mtendaji wa kijiji yenye picha ya jicho moja. Kwenye kona ya barua hiyo mtu ameandika kwa kalamu: *amefika mwenyewe*.

Nilitoka hadi mapokezi, nikampigia palepale. Dada alikuwa kwenye meza yake. Viti vilikuwa vimejaa watu wengine walioitwa kwa nafasi nyingine, kila mmoja kimya na bahasha yake.

"Mjomba, nimepata."

Upepo ulivuma kwenye simu, nikajua yuko juu ya jiwe. Akamshukuru Mungu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na mdhamini je, wamemkubali?"

"Wamemkubali. Barua yako ipo ndani ya faili langu."

"Basi waambie jirani anashukuru."

Alikuwa anacheka, lakini mimi machozi yalinitoka.

"Wewe si jirani," nikasema chini chini. "Nisamehe, mjomba."

"Sisikii, mama. Mtandao mbaya."

"Nimesema wewe si jirani."

"Bado. Ongea kwa nguvu kidogo. Mimi ni nani?"

Nikasimama katikati ya vile vigae na kusema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Wewe ni mjomba wangu. Wewe ndiye uliyenilea. Nilikukana hapa mbele za watu, na ulikuwa umekuja kwa ajili yangu."

Watu wote kwenye viti wakaniangalia. Dada wa mapokezi akashusha simu yake ya mezani. Mlinzi akachungulia mlangoni.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza, mama," mjomba akasema. "Nilitaka na wao wasikie."