Yes Niliyomrudishia Mwalimu

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Shule niliishia darasa la tatu, na leo nina ghala la korosho hapa Mnyambe, lenye bati la rangi. Waliosoma wananiamkia wao kwanza.

Kiingereza nilijua neno moja, yes. Alinifundisha shemeji yangu, mwalimu wa Lisekese aliyemuoa dada yangu. Siku alipoleta mgeni mnunuzi kutoka Ulaya, nilimwomba anitafsirie, naye akasema: "Shemeji, tutachelewa. Akikuuliza kitu, wewe sema yes tu."

Mgeni akauliza. Nikatoa kifua, nikasema yes. Akanipa noti ya elfu tano, kisha akamgeukia mwalimu wakapatana bei ya korosho zangu. Dereva wao ndiye aliyeniambia baadaye: nimeulizwa kama mimi ni mlinzi wa ghala. Mwalimu alisikia, akacheka, hakumsahihisha. Mpaka leo sokoni wapo wanaoniita Mlinzi.

Yes ni kukubali, sawa. Unakubali nini, anajua aliyeuliza. Ile noti sikuitumia. Nikamwekea mwalimu kiporo.

Mwaka huu binti yake akaposwa na watu wa Lupaso. Kwetu baba haozeshi. Neno ni la mjomba, na mjomba ni mimi. Wageni wamekaa mkekani, barua imesomwa, binti yuko chumbani anasubiri sauti yangu. Mimi nakunywa chai.

"Shemeji, sema basi," mwalimu akaninong'oneza. "Watu wanangoja."

"Kwanza nikuulize wewe, kwa Kimakonde." Yeye ni Mmakua, miaka ishirini ya ndoa na Kimakonde hakijampanda. "Usihangaike na maana. Wewe sema yes tu."

Nikamuuliza kama yeye ndiye mlinzi wa kuku wa dada yangu.

Akatazama wageni, akatazama mlango wa chumba cha binti. "Yes."

Upande wetu wote ukaangua kicheko. Mzee mmoja akamwaga chai.

Dada yangu hakucheka. Akasimama mlangoni, akasema kwa Kiswahili, wote wasikie: "Kaka, basi binti anaolewa, na chakula cha harusi ni juu yako?"

Nilinogewa. Nikaigiza sauti ya mumewe ili wacheke tena. "Yes."

Hakuna aliyecheka. Walipiga vigelegele. Mshenga akashukuru, na neno la mjomba mbele ya wakwe halirudi nyuma. Mwalimu akanishika bega. "Hongera, Mlinzi."

Ng'ombe, mchele, mafuta, soda. Ukiacha ile noti ya mgeni, ambayo nayo ilienda humo, mfukoni mwangu zilitoka shilingi milioni moja, laki nne, elfu thelathini na mia tano.