Neno la Siri la Wenye Kilio

Kabla programu ya viwanja haijaanza kutumika katika ofisi yetu ya serikali, hapa Kolwezi, ilibidi mtu mmoja aikague na kuiwekea sahihi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Sikusoma chuo kikuu. Nilimaliza sekondari, nikaingia ofisini kijana, nikakaa na mafaili ya viwanja mpaka nywele zikawa nyeupe. Direkta alinichagua kwa sababu hiyo hiyo: alisema vijana wanajua mashine, lakini anayejua namna watu wanavyoibiana viwanja ni mimi. Alisema kweli, na hata leo sioni haya kukubali sifa hiyo.

Programu ile ingeshika jina la kila kiwanja na la mwenye kiwanja. Nikishaikubali, kinachosomeka kwenye kioo cha mashine ndicho kitakachokuwa haki, na karatasi yenye muhuri itafuata kioo. Katika mji ambao chini ya jiko la mtu kunaweza kuwa na kobalti, hilo si jambo dogo. Kwa hiyo niliijaribu kwa ukali. Nilizima umeme makusudi katikati ya kazi nione kama itapoteza maandishi, haikupoteza. Nilimwambia mwenzangu ajaribu kuingia kwa jina langu kwa kukisia neno langu la siri, ilimfungia nje. Niligundua pia kwamba wenzangu walikuwa wakileta nyimbo za kwaya kwenye flashi na kuzichomeka mashinini, na virusi vilikuwa vinaingia pamoja na nyimbo za Bwana. Nikaagiza matundu yote ya flashi yazibwe. Karani mmoja, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikaa siku nyingi bila kunisalimia.

Aliyeitengeneza programu alikuwa fundi wa kike kutoka Lubumbashi, mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Nilimwita mama, kama tunavyowaita wanawake wote huku, naye aliniita tata, yaani baba. Alikuwa mtu wa maneno machache. Tulielewana vizuri mpaka tulipofika kwenye jambo la kilio.

Kwetu, mtu akifiwa, anaondoka ofisini saa ile ile na kwenda kukaa kilioni na ndugu zake, analala kwenye mkeka uani, na hakuna anayemuuliza atarudi lini. Akitoka, anamwachia mwenzake ufunguo wa droo. Mwenzake anamaliza kazi yake ili wananchi wasiteseke. Kuukataa ufunguo ule ni kama kumkataa marehemu. Tumeishi hivyo miaka yote. Lakini programu ilitaka kila mtu awe na neno lake la siri, asimpe mwingine. Mwenye kilio akiondoka, kazi yake ingelala naye.

Nilimwambia fundi mbele ya wote, chumba kizima kikisikiliza.

"Mama, tia neno moja la siri, sisi bote tulijue. Tuliite Kilio. Mutu akifiwa, mwenzake anaingia kwa neno hilo, anamaliza kazi."

"Na mashine itaandika ni nani amefanya?"

"Itaandika Kilio."

"Kilio si mutu, tata. Muniache nitengeneze namna ya kuchagua mutu wa kumusimamia mwenye kufiwa. Aingie kwa jina lake yeye mwenyewe. Inaomba siku kidogo tu."

"Nani atachagua? Direkta? Direkta eko Kinshasa kila mara. Tumungoye na maiti iko mu nyumba?"

Watu walicheka. Kicheko kile kilinipa nguvu mbaya. Nikaongeza: "Unasema hivi ju haujazika mutu. Siku utafiwa, utajua sisi ni bantu."

Aliangalia vidole vyake. Kisha akaweka neno nililolitaka, akaandika katika ripoti yake kwamba hakubaliani nalo. Nikatia sahihi juu ya ripoti ile ile.

Mwanzoni nilionekana mwenye hekima. Mwenzetu mmoja alifiwa na mke, kazi yake haikulala. Mwingine alikwenda Dilolo kumzika baba mkwe, kazi yake haikulala. Kisha kaka yangu mkubwa akafariki. Wakati niko mkekani, mwenzangu aliingia kwa neno la Kilio na kunikamilishia jambo langu mwenyewe: kiwanja alichotuachia baba yetu, huku Manika, alikihamisha kutoka jina la baba kwenda jina langu, kama tulivyokubaliana na watoto wa kaka. Alikuja kilioni kuniambia. Nilimshika mkono kwa machozi.

Halafu mama mmoja akaja ofisini. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa mgodi; wazee wao waliletwa kutoka Kasai zamani kuja kuchimba shaba. Nyumba ilikuwa kwa jina lake, na faili lake nililijua.

"Tata, kuko bantu mu lupango yangu," alisema. Lupango ndilo neno letu la kiwanja. "Bamezungusha mashitingi ya plastiki, banataka kuchimba pembeni ya jiko. Nikabauliza, banionyesha karatasi. Muhuri ni ya kwenu."

Nilifungua kioo. Kiwanja chake kilisomeka kwa jina la mtu nisiyemjua. Nikatafuta ni nani aliyebadilisha. Programu ilinijibu neno moja.

"Inasema nini?" mama akauliza.

"Inasema Kilio."

"Kilio ni nani? Ni wa biro hii? Mumwite, aniambie macho kwa macho."

"Mama, si mutu."

"Si mutu, na ameuzisha nyumba yangu? Sasa ni nini, muzimu wa serikali?"

Mzee aliyekuwa akingoja zamu yake alicheka kwa sauti. Mama hakucheka. Alikaa kwenye benchi, akafunga kitenge vizuri. "Mi ntakaa hapa mpaka huyo Kilio akuye."

Tulikuwa wafanyakazi wanne katika chumba kile, na wote tulilijua neno lile. Tuliangaliana, na kila mmoja akaangalia pembeni.

Direkta aliniita ndani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu. Watu wa wizara walikuwa njiani kuja kuiona programu yetu, wakitaka mikoa mingine iige.

"Turudishe hii moja kimya kimya," alisema. "Mama apate nyumba yake, tufunge midomo."

"Aliyenunua ana karatasi yetu mkononi. Tukiifuta, ataenda mahakamani, na atauliza kwa nini. Tutajibu nini?"

"Tutajibu ni kosa."

"Kosa ni ule mlango tulioufungua, neno la Kilio. Na kama mlango ni mbovu, kila kilichopitia pale ni kibovu. Hatuwezi kufuta cha mama tu na kuacha vingine."

Direkta alinitazama. "Na chako?" Alijua habari ya kiwanja chetu cha Manika.

"Na changu."

Nilimpigia simu fundi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka machache. "Mama, ule mlango wa Kilio, nilikosa mimi."

"Uko mu biro, tata?"

"Niko."

"Basi usiguse kitu. Nakuya."

Alikuja kwa basi kupitia Likasi na Fungurume, nyuma ya malori ya madini, nguo zimejaa vumbi. Hakusema, "Si nilikuambia?" Alitoa orodha ya yote yaliyofanywa kwa neno lile. Karibu yote yalikuwa ya haki, kazi za watu waliokuwa wakilia. Kuhusu kiwanja cha mama, aliweza kuona tu kwamba kilibadilishwa kutoka mashine ya chumba chetu, mchana, saa ya chakula. Mkono wa nani, haikujulikana, na haijajulikana mpaka leo. Wale watatu nilikula nao mkate mmoja kwa miaka mingi. Tangu siku ile sikuweza tena kuwapa mkono bila kuutazama.

Niliandika kwamba naondoa kibali changu. Kwamba programu isimame mpaka mlango ule utolewe. Kwamba yote yaliyopitia humo yafutwe na wenye viwanja waitwe waanze upya. Mwishoni niliandika kwamba aliyeagiza mlango ufunguliwe ni mimi, na fundi alinionya. Direkta alitia sahihi chini ya yangu kama mtu anayemeza dawa chungu. Watu wa wizara walipofika, walikuta mashine zimefunikwa vitambaa.

Nilikwenda mwenyewe na polisi wa komini, serikali ya mtaa, mpaka kwa yule mama mjane. Wachimbaji walikuwa vijana tu, wametoka pande zote za Kongo, hawakujua lolote. Shimo lilikuwa limeshafika kiunoni, karibu kabisa na ukuta wa jiko. Walisoma karatasi yetu ya kufuta, wakakunja mashitingi yao. Mmoja alimwomba mama maji ya kunywa, naye akampa.

Fundi alibaki kutengeneza kile alichotaka tangu mwanzo. Sasa mtu akifiwa, Direkta anachagua wa kumsimamia. Huyo anaingia kwa jina lake mwenyewe, na ruhusa inaisha mwenye kilio akirudi. Direkta akiwa safarini, msaidizi wake anachagua. Kazi hailali, na jina la mtu linaonekana. Niliijaribu tena kwa ukali ule ule, nikaikubali mara ya pili, na hapo nilijua ninachokitia sahihi.

Siku fundi alipoondoka nilimsindikiza mpaka kwenye basi.

"Mama, nilikuambia haujazika mutu."

"Nilikuwa nimetoka kumuzika mama yangu, tata. Programu yenu niliiandika nusu ku kilio."

"Ju ya nini haukusema?"

"Ningesema, ungenipatia mi pia neno la Kilio, mutu mwengine amalize kazi yangu."

Alicheka kidogo, akapanda. Mimi sikucheka. Katika makosa yangu yote, neno nililomwambia mbele ya watu ndilo linaloniamsha usiku.

Kiwanja chetu cha Manika kilirudi kwa jina la baba. Nilipowaita watoto wa kaka tuanze upya, walikuwa wamebadilisha mawazo, na mpaka leo kioo kinaonyesha jina la marehemu baba. Nimestaafu, napanga chumba nyuma ya kanisa. Watu huniuliza kama najuta ile sahihi ya pili, ya kuondoa kibali. Najuta ya kwanza. Ya pili ningeitia tena leo, kabla ya chai.

Nikienda sokoni napita kwa yule mama. Shimo alilifukia, akapanda matembele juu yake, na yameota vizuri kuliko ya majirani. Akiniona ananiita kutoka jikoni.

"Tata! Kilio eko wapi leo?"

"Nilimufukuza, mama."

"Na akirudia?"

"Ataanza kwanza kusema jina lake."

Ananikatia fungu la matembele, nami naendelea na njia yangu.