Tulivyokimbilia Mlimani

Siku hizo nilikuwa nimetumiwa kwenye simu video ya volkano iliyolipuka chini ya bahari. Maji yalichemka, yakawa meusi, kisha yakainuka kama ukuta. Niliitazama mara tatu, mjinga mimi.

Basi asubuhi moja nilishuka ufuoni mwa ziwa na mama mkwe wangu kuanika omena, wale dagaa wetu, hapo kwetu chini ya mlima wa Homa. Tulikuta ziwa limekuwa jeusi. Lilinuka mayai yaliyooza, na samaki aina ya ngege walielea matumbo juu.

"Volkano!" nilipiga kelele. "Tukimbie juu!"

Mama mkwe alisema maji ya chini hupinduka yakaja juu hivyo upepo ukibadilika, samaki wakakosa hewa. Sikutaka kusikia. Mimi, ambaye huwa hata simkatizi maneno, nilimshika mkono nikamburuta mlimani, omena wetu tukawaachia kunguru.

Tulipofika katikati nilikaa juu ya jiwe, nikaanza kupumua. Ziwa kule chini lilikuwa limetulia tuli. Hapo akanigeukia, anahema, macho yamemwiva kwa hasira.

"Haya, tumekimbia. Na yale maji ya moto yanayobubujika chini ya mlima huu, tunayoogea miaka yote, ulidhani nani anayapasha?"

Jiwe nililokalia lilikuwa na joto. Nilijiambia ni jua, ingawa asubuhi ile lilikuwa bado limefunikwa na mawingu.