Wasomaji wa Khati Mbaya

Mwanangu, kaa hapa karibu na dirisha nikupe kisa cha Jumapili moja ninayoikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka uso huniwaka kwanza, halafu kifua kikajaa fahari. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza nijibu tu, nyinyi mliozaliwa Ilford nimeshawazoea. Masikio tu ndiyo nayataka.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mapinduzi yalikuwa yameshatutoa Zanzibar, na London ilinipa kazi ya ukondakta wa basi. Niliifanya kwa kununa, maana kwetu nilikuwa karani wa mahakama na kila mtu alisema nitafika mbali. Ikifika Jumapili nalivua koti la basi, navaa tai, nakwenda kwenye kamati. Tulikuwa wanaume tisa, wakimbizi sote, tukikutana sebuleni kwa Mzee Faki kuandika katiba ya nchi tutakayorudi kuitawala. Usicheke. Tulishagawana mpaka uwaziri, na wawili kati yetu walinuniana mwezi mzima kwa ajili ya Wizara ya Karafuu. Mimi nilikuwa katibu, na nilitembea na faili langu kwapani hata kwenye siku zisizo na mkutano.

Sasa, alikuwapo mama mmoja wa Wete akiitwa Bi Zuwena, mjane, akipika katika jiko la hospitali moja. Alipokimbia alimwacha binti yake wa pekee, Rahma, kwa mama yake mzazi huko Pemba, akitumai kumchukua baadaye. Wiki tatu kabla ya Jumapili hiyo alipata barua kutoka kwa yule bibi kizee. Ilikuja kwa kupitia Mombasa, mkono kwa mkono, maana siku zile barua za kwetu zilifunguliwa njiani. Ilikuwa ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Bi Zuwena alisoma chuo cha Kurani na msahafu akiusoma vizuri kabisa, lakini khati ya mama yake ilimshinda tangu zamani, na kwao wote wakijua: haina nukta, imeandikwa pande mbili za karatasi nyembamba, na wino umevuja kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Mimi niliiweza. Babu yangu alikuwa akiwaandikia na kuwasomea watu barua pale kwetu Mkunazini, na alinifundisha hata zile khati zinazotambaa. Mwengine wa kuziweza niliyemjua hapa London ni Mzee Faki mwenyewe, lakini macho yake yalishaingia ukungu. Njia akiiona, herufi hakuziona tena. Basi Bi Zuwena akaniletea mimi, nami nikaitia ndani ya faili, chini ya katiba, nikamwambia nitaitazama. Sikuitazama. Akaniuliza mara moja, akaniuliza mara ya pili. Nitakwambia kweli yake, mwanangu: niliona haya. Nilijiona nimesoma mno, si wa kurudia kazi ya babu yangu.

Jumapili hiyo akaniuliza mara ya tatu, mbele ya kamati nzima, tena kwa adabu, amesimama mlangoni na mkoba wake.

Nikamjibu, "Bi Zuwena, mimi hapa naandika katiba ya nchi. Barua za kinamama zitafutie mtu mwengine."

Akasema, "Haya, mwanangu." Akaingia jikoni akatutengenezea chai, sote tisa, na yangu akaitia sukari kama nipendavyo.

Mzee Faki aliinywa chai yake mpaka ikaisha. Kwetu alikuwa karani wa kadhi, mtu wa kuogopewa, na hapa London alikuwa akibeba maboksi katika ghala la karatasi za kale la chuo kikuu kimoja. Hakuwa mtu wa kugomba. Alikuwa na tabia ya kukuzungukia kwa hadithi mpaka ukajikuta umefika mwenyewe. Akasema kwamba miongoni mwa maboksi anayoyabeba yamo ya mwanafalsafa mmoja wa Kiingereza, tajiri wa fikra na maskini wa mwandiko. Khati mbaya kama ile hajapata kuona. Akasema wasomi wanaokuja kuzisoma karatasi hizo walimsimulia habari ya mtu mmoja wa zamani kutoka Amerika ya Kusini aliyepata kulipwa kwa kazi ya kuzifumbua. Jina lake la Kihispania lilikuwa refu, na ndimi zetu zilikataa kulitamka, basi siku zote tulimwita Mvenezuela tu.

Mvenezuela huyu, akasema mzee, alikuja London kijana, mmoja katika wajumbe watatu, kuwaomba Waingereza msaada nchi yake ilipokuwa ikijitoa mikononi mwa Wahispania. Walidhani ni safari fupi. Mwenziwe mmoja akarudi kupigana vita, leo ana masanamu dunia nzima. Yeye akabaki hapa miaka kumi na tisa. Mshahara wa serikali yake ukakatika. Mke akamfia hapa, na mtoto akamzika hapa. Akafundisha watoto wa watu, akasoma maktabani kila alipopata nafasi, na akakaa kitako kuifumbua ile khati mbaya, neno kwa neno. Mwisho iliyomwita si nchi yake, ni Chile, na huko akawaandikia kitabu cha sheria ambacho nchi nyengine nazo zilikuja kukifuata. Akawaanzishia na chuo kikuu. Kwao hakurudi tena, na mama yake hakumuona tena.

Mzee Faki alipofika hapo akajiweka sawa kitini. Alikuwa akimsema mtu yule kwa fahari ya ajabu, utadhani ni jamaa yake wa kwao Mtambwe, Pemba. Kisha akanitazama mimi.

"Aliyeandika sheria za nchi alisoma khati mbaya ya mwenziwe, na hakupungua kitu. Wewe, Salim, ungepungua nini?"

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi wangecheka. Nilifungua faili, nikaitoa ile barua, nikaenda nayo jikoni.

Bi Zuwena alikuwa akikosha vikombe. Nikamsomea pale pale, amesimama na mikono ina povu. Mama yake alimwambia kwamba Rahma ameposwa na mtu mzima mwenye wake wawili, na mtoto analia hamtaki. Ami yake, ndugu wa marehemu baba yake, ameahidi kutoa jibu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Mimi mkongwe, bibi aliandika, sauti yangu haifiki kwa wanaume. Sema wewe uliyemzaa.

Ramadhani ilikuwa imebakiza siku tisa. Nilikuwa nimezikalia ishirini na moja.

Bi Zuwena hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Jumatatu asubuhi sikwenda kazini. Tukapiga simu ya maandishi kwa ndugu yake wa Mombasa, maneno machache tu: Rahma asiolewe bila ya kauli yangu, mimi mama yake. Yule ndugu akampata mtu anayevuka kwenda Pemba. Zaidi ya hapo hatukujua kitu. Mwezi ukaandama, tukafunga, tukasali Idi, na kila nilipomuona Bi Zuwena nilitamani ardhi inimeze.

Barua ya pili ilikuja baada ya Idi. Safari hii niliifuata mwenyewe nyumbani kwake. Bibi kizee aliandika kwamba habari ilifika siku mbili kabla ya jibu, ami akagomba, lakini hakuthubutu kupita juu ya neno la mama mtu, na posa ikarudishwa. Bi Zuwena akalia. Chini kabisa palikuwa na mistari miwili ya mkono mwengine, wa kijana, na nukta zote zimewekwa mahali pake. Nikaendelea kusoma kwa sauti kabla sijajua kinachosemwa:

"Na wewe unayemsomea mama yangu, jina lako silijui. Kila nikisali nakuombea."

Nikaiweka barua mezani, mwanangu. Ilibidi Bi Zuwena anisubiri.

Katiba ile haikutumika popote. Lakini barua nilisoma miaka thelathini, za watu wa pande zote za London, Thamesmead mpaka Stanmore, na ningali najivunia kila moja. Basi nakuusia: elimu yako usiiwekee kiti cha juu ikasubiri cheo. Mtu akikujia na haja ndogo mkononi, ifungue siku hiyo hiyo, kwani hujui ndani yake mna maisha ya nani. Na ugeni usikufanye mdogo. Mji huu umepitiwa na wakubwa waliofanya kazi ndogo kwa moyo mkubwa.

Mungu akupe mikono isiyochagua heri, na akujaalie, hapa au popote utakapokuwa, awepo mtu asiyekujua jina anayekuombea. Amin.