Kontra ya fromaji niliyotaka kuifunga mbele ya mashahidi

Mimi, hakuna kitu cha dunia hii kinaweza kunishangaza. Niliacha masomo mwaka wa tatu wa primere, nikaanza kwa kuchunga mbuzi za watu, na leo nikisimama mulangoni kwangu, hapa karibu na Burungu, ngombe zote unaona mpaka kule kwenye mikaratusi ni zangu. Vita ilinihamisha mara ine, nikarudi mara ine. Wale walisoma njo wanakuja kuniomba mukopo. Kwa hiyo usifikiri simu njo ilinishinda. Simu ninazo mbili.

Mutu aliyenisumbua alikuwa mukamuaji wangu. Miaka sita alikamua ngombe zangu, akila bugali yangu, akiniita Papa. Akaacha kazi, akanunua ngombe yake moja, kisha tano, akaanza kutengeneza fromaji, ile jibini ya duara ya kwetu Masisi. Nilifurahi naye. Hapana, niandike kweli: nilisema nimefurahi.

Kampuni moja inayolisha wafanyakazi wa machimbo kule Walikale, upande wa Omate, ilikuwa inatafuta fromaji ya mwaka muzima. Tulipata nafasi wote wawili, kila mutu na kontra yake, mukataba wake. Zamani kontra kama hiyo ilikuwa safari: unafunga kashe yako, ule muhuri wa wino, ndani ya plastiki, unapanda moto, ile pikipiki ya kukodi, unakula matope mpaka biro, ile ofisi yao, unapiga kashe mbele ya watu. Nilikuwa nimeisha kujisifu kwa bibi, muke wangu, namna nitaingia pale.

Asubuhi moja nikapita kwa mukamuaji. Alikuwa ameikala kwenye kibao, mukono mumoja kikombe cha maziwa, mwingine simu. Akapitisha kidole kwenye kioo, akacheka.

"Kontra imeisha, Papa."

"Imeisha wapi?"

"Hapa hapa. Walinitumia, nikasoma, nikasaini, imerudi kwao."

Hata kikombe hakukiweka chini. Kile kikombe kiliniuma siku mbili.

Nikamwambia bibi kwamba yangu pia nitaisaini kwa simu, lakini kama mutu mukubwa. Kwetu karatasi ya ngombe ao ya shamba hauifungi peke yako kama mwizi. Mashahidi wanakuja, kasiksi, pombe ya ndizi, inamiminwa, wanasaini wao kwanza, na mwenye mali anasaini wa mwisho, watu wote wakimutazama. Nikaita mashahidi wawili: katekista wetu, na huyo mukamuaji.

"Yeye unamwitia nini?" bibi akauliza. "Hautaki kumuona hata kwenye misa."

"Aje akunywe."

"Aje akunywe, ao aje alie?"

Nilitaka aone bidoni tatu za kasiksi na majirani wamejaa lupango, uwanja wangu muzima, aone mwanaume anafungaka kontra namna gani.

Mesaji ya kampuni ilikuwa na mustari wa bluu. Nikaubonyeza, kontra ikafunguka, na chini kabisa kulikuwa kisanduku kimoja cha kusaini. Nikamupa katekista simu kwa mikono miwili.

Mukamuaji akasimama. "Papa, samahani. Hicho kisanduku iko ya mutu mumoja. Ni yako tu. Mashahidi hawana nafasi pale."

"Nani amekuuliza?"

"Papa, ni kweli. Akimaliza yeye, inaenda."

"Weye ulisaini peke yako juu hauna watu. Ikala!"

Watu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda. Akaikala, akachukua kasiksi yake, akainamisha kichwa kwa kunywa. Kule kuinama kwake kulinipendeza sana.

Katekista akavaa miwani. Akaandika jina lake lote kwa kidole, polepole, na kamusalaba kadogo mbele yake, vile anasainiaka kitabu cha ubatizo. Kisha akabonyeza penye kijani. Simu ikaandika kwamba yote yamekamilika, asante.

"Zamu yangu," nikasema.

Katekista akageuza simu huku na huku. "Papa, nafasi yako siioni."

Hakuna aliyecheka, hata mukamuaji. Angecheka, ningemushukuru.

Kesho yake mama wa biro ya Walikale akapiga simu. Kontra imewafikia na jina lisilo la kitambulisho changu, wameifuta. Wanatuma ingine, na siku tano zikipita bila sinyatire, saini yangu, sehemu yangu wanamupa muuzaji mwingine. Sikuuliza ni nani.

"Lakini si kazi kubwa, Papa. Yule jirani yako anajua vizuri. Umwombe akuonyeshe, ni dakika moja."

Umwombe! Mutu niliyemufundisha mimi kushika chuchu ya ngombe! Na akaja mwenyewe mbele ya kumwita, kofia mukononi.

"Papa, nipe simu nikuonyeshe. Bure."

Angeomba franga ningemupa. Ile bure yake ilinishinda kumeza. Nikamwambia nina safari.

Nikachukua moto mpaka Walikale, nifunge kontra mbele yao, kisanduku kisinidanganye tena. Siku tatu za mvua, madaraja ya magogo na vizuizi, na mara mbili tulisukuma mpaka shati ikapasuka. Nikaingia biro na matope mpaka kiuno, nikaweka kitambulisho na kashe mezani. Yule mama akaangalia kashe yangu kama mutu anaangalia jino lililong'oka.

"Papa, fungua mesaji yetu kwenye simu yako. Saini na kidole. Haya, bonyeza kijani."

Nikabonyeza. Hata kiti hakikupata moto.

"Umetoka Burungu juu ya hii tu?"

"Nilikuwa na mambo mengine huku," nikasema.

Kontra iko yangu mpaka leo, na fromaji yangu ni nzito kuliko ya yule, muulize mutu yeyote. Lakini moto ya kwenda na kurudi, vizuizi, malazi, chakula na shati, kile kidole kimoja kilinikula dola mia mbili kumi na saba na franga elfu tatu mia tano.