Mzee Aliyeapa Kwamba Hajala

Juzi hospitalini nilimwona mzee mmoja wa mtaa wa Katuba, hapa mjini kwetu, akisubiri kupasuliwa henia. Muuguzi wa dawa ya usingizi akamwinamia.

“Baba, mutoe meno ya kubandika.”

Mzee akayafunga kwenye leso, akampa mkewe bila kumtazama.

“Leo mulikula?”

“Hata kidogo, mwana! Njaa inaniua.”

Muuguzi, mtoto wa mji huu ambamo asiyekula bukari, yaani ugali, husema hajala, hakutosheka. Akamgeukia mke. “Mama, asubui alipata nini?”

“Chai tu na mukate. Na biazi mbili. Bukari hakugusaka.”

“Si nilisema?” mzee akadakia. “Sikukulaka!”

Muuguzi akacheka, kisha akakaza uso. “Baba, mukilala na dawa, bile biazi bitapanda, biingie mu mapafu. Ku buzee nguvu ya kukohoa inapungukaka. Murudi kesho, tumbo wazi.”

Siku hizi askari wa vizuizi vya barabarani wanatupekua mpaka soksi wakitafuta bunduki. Yule muuguzi alipekua viazi viwili, akaokoa mtu.

Nilimcheka mzee njia nzima, huku nikitafuna mkate. Nilipofika nyumbani, mke wangu akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado, tangu asubuhi.