Fundi wa Isiolo aliyeiweka pasi mbali na cherehani

Saa tatu asubuhi jua la Isiolo limeshaanza kuuma, na Peris Nakolong anainuka tena kutoka kwenye cherehani yake. Ameshika mkono wa shati la shule ambao ametoka kuushona sasa hivi. Anapita ndoo za maziwa ya ngamia za jirani yake Kaltuma na kutembea hadi mwisho wa veranda, ambako pasi ya makaa iko juu ya meza. Ananyoosha mshono, anarudi, anakaa. Kabla kiti hakijapata joto, ameinuka tena.

"Mama Etabo," Kaltuma anamwita huku akipima maziwa, "wewe ni fundi ama unachunga mbuzi?"

"Nachunga sukari, dada. Hii ikitoroka hakuna wa kunirudishia."

"Basi ukipita tena niletee kikombe changu. Kiko hapo kwako."

"Inuka ukichukue mwenyewe! Ama unataka tukutane kliniki?"

Wanacheka wote wawili, na Kaltuma anainuka.

Mwaka jana Peris, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, hakuwa na cha kuchekea. Pasi ilikuwa karibu naye kiasi cha kuifikia bila kuinuka. Uzi, mkasi na thermosi ya chai vilikuwa karibu na magoti yake. Alikaa asubuhi, akainuka jioni.

Hakukulia katika maisha ya namna hiyo. Alizaliwa upande wa Kipsing, akawafuata mbuzi wa baba yake tangu alipoweza kushika fimbo. Siku nzima ilikuwa ni kutembea, na chakula kilikuwa cha jioni.

"Kule hakuna mtu alituambia tufanye mazoezi," anasema. "Mbuzi ndio walikuwa wanatufanyisha."

Alikuja mjini alipoolewa na Lomuria, ambaye ni mlinzi. Akajifunza kushona, na kwa siku nzuri hupata kama shilingi mia sita. Fedha hizo ndizo zinazowaweka watoto wake watatu shuleni, kwa kuwa mshahara wa mumewe huishia kwenye kodi na unga.

Kisha macho yakaanza kuona ukungu.

Mwanzoni alilaumu taa. Baadaye alilaumu uzi. Lakini aliposhona majoho ya kwaya ya kanisa lao, pindo zikapanda na kushuka, na mwalimu wa kwaya akayapokea hivyo hivyo kwa upole. Kazi iliyofuata akampa fundi mwingine.

"Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza," Peris anasema. "Nilijua sasa macho yangu yameonekana na watu. Fundi bila macho ni nini?"

Katika zahanati alipimwa na kuambiwa ana sukari nyingi kwenye damu. Alipewa vidonge na kuelezwa kwamba sukari isiposhuka inaweza kuyaharibu macho kabisa. Tena aliambiwa afanye mazoezi.

Peris ni mtu wa maombi, na hakutaka kutembea peke yake. Aliwaalika akina mama wachache wa kanisa, wakakubaliana kukutana kabla jua halijachomoza na kutembea kwenye barabara ya kuelekea Leparua. Waliimba njiani. Walirudi wakiwa na vumbi hadi magotini, wamefurahi.

Safari yao iliishia nyumbani kwa Mugure, mmoja wao, mama mwenye duka ambaye alikuwa amefiwa na mumewe miezi michache kabla. Yeye ndiye aliyeomba wawe wanapumzika kwake. Aliandaa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha na beseni la maandazi ya moto. Hapo walikaa, wakashukuru, wakasimuliana habari, wakaombeana. Mara nyingi kikao kilikuwa kirefu kuliko matembezi.

"Tuliita chai ya shukrani," Peris anasema. "Na mimi nilikuwa nashukuru sana. Mandazi nne, wakati mwingine tano. Si nimetembea?"

Akitoka hapo alikwenda kwenye cherehani na kukaa zaidi kuliko zamani. Hata uzi alimwomba Kaltuma amletee, akisema miguu yake imeshafanya kazi ya siku.

Baada ya miezi mitatu alirudi zahanati akiwa na uhakika wa habari njema. Sukari ilikuwa imepanda.

"Nililia pale pale kwa benchi," anakumbuka. "Nilimwuliza Mungu, si nimetembea? Si nimeamka?"

Gitobu, mhudumu wa afya aliyempima, alimwacha alie hadi akamaliza. Kisha akamwomba amsimulie siku yake, sio matembezi, bali yale yanayofuata. Peris akasimulia. Alipofika kwenye beseni la Mugure, Gitobu akaanza kutabasamu.

"Mama, kutembea usiache, na dawa usiache," akamwambia. "Lakini wewe unatembea saa moja, halafu unakaa saa kumi. Na mandazi nne ni mandazi nne, hata kama umeziombea."

Akamweleza kwamba watu wengi hufanya hivyo. Mtu akishafanya mazoezi huona amepata ruhusa: anakula zaidi, anakaa zaidi, na faida ya asubuhi inapotea kabla ya mchana.

Siku hiyo hiyo Peris aliihamisha pasi. Hilo lilikuwa rahisi. Kazi ngumu ilikuwa Mugure.

"Yule mama nyumba yake ilikuwa kimya tangu mazishi. Ile chai ndiyo ilikuwa inaleta sauti," anasema. "Nitamwambiaje sitaki?"

Aliomba siku kadhaa apewe maneno. Anakiri kwamba maneno yaliyokuja hayakuwa mazuri. Mbele ya wenzake wote alimwambia Mugure, "Mama Njeri, chai yako itanipofusha."

Mugure alibeba beseni, akaingia ndani. Wiki hiyo hakutembea nao.

Siku moja mchana alitokea kwenye veranda, akasimama mbele ya cherehani.

"Mmechoka na nyumba yangu?" akauliza.

"Hatujachoka na nyumba, Mama Njeri. Ni sukari tumechoka nayo."

"Sasa si ungesema hivyo? Mimi nimekaa nikilia, nikidhani mnatafuta kwa mtu mwingine!"

"Nisamehe. Niliomba maneno, nikaongea kabla yafike."

Mugure akacheka hadi akaegemea ukuta.

Sasa matembezi bado yanaishia kwake. Akina mama wanamsaidia kubeba mitungi ya maji kutoka kioski, wanaimba, na wanaomba wakiwa wamesimama uani. Chai ipo, lakini sukari haipo, na kila mmoja hupata kipande kimoja cha kiazi kitamu kilichochemshwa. Beseni la maandazi hutoka siku ya Krismasi.

"Mwanzoni hiyo chai ilikuwa kama adhabu," Mugure anasema. "Siku hizi nikipewa ya sukari naona kama nimekunywa soda."

Mwezi uliopita Peris alipimwa tena. Sukari ilikuwa imeshuka hadi pale Gitobu alipotaka, naye akamtuma kwa daktari wa macho. Peris anasema alikaa kwenye kile kiti akiomba bila kufumba macho, kwa sababu daktari alikuwa ameyashikilia. Daktari alimulika, akachungulia, akamwambia hajaona madhara ndani. Ule ukungu ulikuwa wa sukari, na ulikuwa umeondoka nayo.

"Nilitoka nje nikasoma vibao vyote vya maduka," anasema. "Hata vya ng'ambo ya barabara. Watu walidhani nimechanganyikiwa."

Gitobu amemwonya kwamba safari ni ya maisha yote. Peris anasema hilo halimtishi. Amemwagiza seremala meza ndefu ili awe anakata vitambaa akiwa amesimama.

Na juzi mwalimu wa kwaya alirudi. Aliacha mfuko wa majoho yale yale, akauliza kama pindo zinaweza kurekebishwa kabla ya Pasaka.

Peris analitoa la kwanza na kulitandaza magotini. Analamba ncha ya uzi, anainua sindano kuelekea kwenye mwanga, na uzi unapita.

"Asante Yesu," anasema kwa sauti ndogo. Anakunja upindo, anaubana kwa pini, kisha anainuka, kwa sababu pasi imeshapata moto.